Boti Imezeeka, Mashine Iwe ya Ngapi?

 

Jioni ya leo tuongee habari za mashine za boti. Najua yupo atakayeuliza Kichiwa na boti wapi na wapi. Huku kwetu ni viazi, mahindi na mbao, na mwezi wa sita baridi inamfanya mtu asitake hata kunawa uso. Lakini mkoa huu wa Njombe una ziwa. Wilaya ya Ludewa inashuka kutoka milima ya Livingstone mpaka kwenye maji ya Ziwa Nyasa, na usipa mkavu unaoliwa majumbani mwetu una njia yake ya kupanda kutoka huko. Tena siku hizi wapo watu wa huku juu wanaovuna shamba la miti, wakabaki na fedha kidogo, wakaingia ubia na shemeji au rafiki wa ziwani: mwenzangu una boti ya baba yako, mimi nitaleta mashine. Hapo ndipo swali linapoanza. Mashine ya hospawa ngapi?

Jibu linalotolewa haraka ni "nunua 40". Mwenye duka hulipenda jibu hilo, na kijana atakayeshika usukani hulipenda zaidi. Mimi nasema mapema ili tusizungushane: kwa boti ya mbao ya mita 6 hadi 8 iliyokwisha kula miaka yake majini, mashine ya hospawa 15 inatosha, na nyingine zinatoshwa na 8 au 9.9. Fedha inayobaki ina kazi nyingine ndani ya boti hiyohiyo, nayo ni kazi ya haraka kuliko mwendo.

Tuanze na boti yenyewe, maana wengi huanza na mashine. Boti nyingi za mbao za ziwani ni za kupasua maji. Zina mkuku, zina tumbo la mviringo, na nyuma zinabanana. Chombo cha namna hiyo kikitembea kinajenga wimbi mbele na jingine nyuma, na kadiri kinavyokazana ndivyo mawimbi hayo mawili yanavyoachana, mpaka boti inajikuta imekaa katikati ya bonde la maji lililochimbwa na mwendo wake. Ikifika hapo, nguvu unayoiongeza inaishia kuinua omo na kuzamisha tezi. Mahali hapo panakokotoleka. Kwa boti yenye urefu wa mita 7 kwenye usawa wa maji ni karibu kilomita 12 kwa saa. Kwa ya mita 9 ni kama 13 na nusu. Fundi mwenye jicho haulizi hesabu: anaangalia nyuma. Akiona tezi imekaa chini, maji yanataka kuchungulia juu ya ubao, na nyuma kuna wimbi lililosimama halitaki kuachia, anajua boti imefika mwisho wa mwendo wake na petroli iliyobaki inachomwa bure.

Sasa weka hesabu ya safari. Tuseme mahali pa kuvulia ni kilomita 12 kutoka mwaloni. Kwa mashine ya 15 ya mipigo miwili ikienda kwa mwendo wa kiasi, kilomita 10 kwa saa, utafika kwa saa 1 na dakika 12, na kwa kukadiria utakuwa umetumia lita 4 au 5. Ukiifungulia yote upate kilomita 12, utafika kwa saa 1 na lita 7 hivi zitakuwa zimekwenda. Funga 40 kwenye boti ileile, uifungulie yote. Kwa sababu ya umbo la boti huenda ukapata kilomita 13 na nusu, na mashine ya 40 ya mipigo miwili ikiwa imefunguliwa yote inakunywa karibu lita 20 kwa saa. Utafika kwa dakika 53, na lita 17 au 18 zimeondoka. Umeokoa dakika 7 kwa lita 10. Na hapo ni kwenda tu, bado kurudi, bado usiku wa kesho.

Petroli ya ziwani si ya hapa Makambako, ambako kituo kiko barabarani. Inashuka kwa madumu. Barabara ya Itoni, Ludewa hadi Manda, kilomita 211, ndiyo inayojengwa kwa zege kipande kwa kipande. Kazi ya kipande cha Lusitu hadi Mawengi ya kilomita 50 kila mpita njia ameiona. Lakini kwenye vijiji vya kaskazini mwa mwambao, Lumbila na Kilondo, mlima umeangukia ziwani na mzigo unafika kwa maji. Kila lita inayofika huko imelipiwa nauli. Mvuvi anayechoma lita 20 za ziada kwa usiku mmoja, usiku ambao mbalamwezi imewatawanya usipa, anavua ili amlipe mwenye petroli.

Kuna mtu ataniambia: hiyo 40 si lazima uifungulie yote, iendeshe polepole. Ni kweli, inawezekana. Ila mashine kubwa ya mipigo miwili inayobanwa iende polepole usiku kucha haichomi mafuta vizuri, plagi zinajaa masizi, na asubuhi inagoma kuwaka. Tena nakuuliza wewe mwenye fedha uliyeko Kichiwa: unamjua kijana mwenye mashine ya 40 mkononi, wenzake wanampita, ambaye hatazungusha mkono?

Nguvu ndogo inafanya mengi kuliko tunavyodhani. Mtu mwenye afya akipiga kasia kwa saa nzima anatoa kama sehemu moja ya kumi ya hospawa. Wapiga kasia sita hawafikishi hospawa 1, na hao ndio waliovusha watu na vyungu vya Wakisi kwenye mwambao huu vizazi na vizazi. Ole Evinrude alipoanza kuuza mashine zake Marekani mwaka 1909, ilikuwa ya hospawa 1 na nusu, na watu waliinunua kwa furaha. Kutoka hapo mpaka 15 ni mbali sana.

Nirudi kwenye uzee wa boti, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo. Boti ya mbao haizeeki kote kwa pamoja. Inaanzia kwenye misumari. Msumari ukiliwa na kutu unapungua unene, tundu linabaki pana, na mbao inaanza kucheza kidogo kila wimbi linapopita. Kalafati, ile pamba ya kuziba maungio, inatema. Mwanzoni maji yanayoingia ni kata tatu kwa usiku, baadaye ni mtu mmoja kazi yake ni kuchota tu. Sasa msukumo wote wa mashine, kila hospawa, unapita kwenye ubao mmoja wa nyuma unaobanwa na mashine. Ubao huo umeshikwa na magoti ya mbao yanayoungana na mbavu na mkuku. Ukiongeza nguvu unaongeza mvutano kwenye viungo hivyohivyo vilivyolegea. Na uzito nao upo: mashine ya 15 ya mipigo miwili ina kilo kama 36, mtu mmoja anaibeba begani. Ya 15 ya mipigo minne inakaribia 50. Ya 40 inapita kilo 70, yaani umemkalisha mtu mzima nyuma kabisa ya boti, mahali pabaya kuliko pote, na hashuki.

Kabla hujatoa hata shilingi, nenda ziwani mchana, boti ikiwa imevutwa nchi kavu. Chukua kisu cha ncha. Chomachoma ubao wa nyuma, hasa chini kwenye pembe na kuzunguka matundu ya boliti, mahali maji yanapolala. Kisu kikizama kwa urahisi kama kwenye kiazi kilichochemshwa, hapo hapana ubao, pana rangi tu. Kisha shika kichwa cha mashine ya zamani kama ipo, au funga gogo mahali pake, usukume mbele na nyuma kwa nguvu huku mwenzako ameweka kidole kwenye kiungo cha ubao na ubavu. Kidole kikibanwa, kiungo kinacheza. Boti hiyo haijafika kwenye swali la hospawa. Iko kwenye swali la fundi seremala.

Na hapa watu wa Kichiwa mna la kuchangia, kwa sababu mbao mnazijua. Ubao wa kubanwa na mashine utengenezwe kwa mti mgumu, mninga ukipatikana, unene wa sentimita 4 hadi 5. Paini yetu ni nzuri kwa kenchi na milango, lakini ni laini: klampu inaibonyeza, boliti inalifanya tundu kuwa pana, na ikikaa kwenye maji bila dawa haichelewi kuoza. Mkishusha mbao kumsaidia mbia wenu, shusheni inayofaa. Na tafadhali, mtu asikubali ubao wa nyuma ukatwe ushushwe ili mashine ya mguu mfupi ifike majini. Mguu mfupi ni inchi 15, mrefu ni inchi 20. Pima boti kwanza, ununue mguu unaolingana nayo. Kile kibamba cha chuma kilicho juu ya propela kiwe sawa na chini ya boti au kipite kwa sentimita 2 au 3. Ukikata ubao, umelifungulia wimbi la nyuma mlango.

Sasa hoja nzito ya wanaotaka 40, nayo naiheshimu. Wanasema: Nyasa lina upepo. Kuanzia Mei hadi Agosti upepo wa kusini-mashariki unalikokota ziwa kwa urefu wake wote, na urefu huo unapita kilomita 550, kwa hiyo wimbi linafika upande wetu likiwa limekusanya nguvu. Ukanda wetu ni ukuta wa mlima, mahali pa kukimbilia ni pachache, na ziwa hilo kina chake kinafika mita 700, hakuna kutia nanga ukasubiri. Mtu aliyewahi kumsubiri ndugu yake usiku wa namna hiyo hawezi kuambiwa mwendo haumsaidii.

Naisikia hoja hiyo. Lakini ulizeni wavuvi wazee dhoruba inapigwaje. Boti ya mbao ya mita 7 haikimbii kwenye mawimbi. Ikikimbia inaruka juu ya wimbi na kuangukia tumbo, na kwa boti kuukuu pigo hilo ndilo linaloachanisha mbao. Nahodha anapunguza mwendo, anaiweka omo ielekee wimbi kwa pembe kidogo, anashikilia hapo. Kwa kazi hiyo mashine ya 15 inatosha. Linaloua ni mashine kuzimika, na inazimika kwa sababu ndogondogo: maji yaliyoingia kwenye dumu la petroli, uchafu kwenye kabureta, plagi moja ambayo ingebadilishwa wiki iliyopita. Tofauti ya bei kati ya 15 na 40 inanunua plagi za akiba, chujio la mafuta, jaketi okozi kwa kila aliyemo, kalafati mpya mwili mzima, na makasia mazima. Mimi mtu akinipa boti mbili usiku wa Julai, moja ina 40 na mbao zinazotema pamba, nyingine ina 15 na mbao zimekazwa, sihitaji kufikiri.

Hata hivyo kuna boti inayotaka 40. Ni ile ndefu, ya mita 9, 10 na kuendelea, iliyojengwa na tako pana na bapa, mbavu nene, inayobeba nyavu kubwa na watu wengi au inayofanya safari za mwambao kati ya meli moja na nyingine. Meli ya MV Mbeya II haipiti kila siku, na mama mjamzito wa Kilondo hawezi kungojea ratiba. Boti ya namna hiyo ikiwa nzima, ipewe mashine inayoistahili. Lakini hiyo si boti ya baba yake shemeji.

Kwenye uchaguzi wa mipigo miwili au minne sitakaa sana. Ya mipigo minne inakunywa petroli kidogo na haihitaji kuchanganyiwa oili, lakini ni nzito, ni ghali, na fundi wake yuko mbali. Ya mipigo miwili, zile Yamaha Enduro mnazoziona kila mwalo, fundi yupo kila kijiji na spea zinapatikana. Kwa boti kuukuu ya usipa, wepesi na fundi wa karibu vinanishawishi zaidi. Kama unanunua iliyotumika, uliza imetoka wapi. Mashine iliyofanya kazi Ziwa Nyasa imeoshwa na maji baridi maisha yake yote. Iliyotoka Pwani inaweza kuwa na chumvi iliyoganda kwenye njia za maji ndani, nje ikang'aa kwa rangi mpya. Fungua oili ya gia chini: ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, maji yanaingia.

Jambo moja linawapotosha watu wetu wa mlimani. Mtu ananunua mashine, anaijaribia hapa Makambako kwenye pipa la maji, anaona inakohoa na haina nguvu, anasema nimeibiwa, anarudisha na kuchukua kubwa zaidi. Makambako iko juu kiasi cha mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, Njombe inakaribia 2,000. Hewa huku ni nyepesi, na mashine inapoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100. Ziwa Nyasa liko kwenye mita 475 hivi. Mashine ileile ikishuka ziwani inarudishiwa nguvu iliyokuwa imekosa, na kohozi linaisha. Usiihukumu mashine ya ziwa ukiwa mlimani, na usimruhusu fundi wa hapa akutengenezee kabureta upya kabla haijashuka.

Baada ya hapo ni propela, nayo watu wengi hawaigusi kabisa. Kwenye propela pameandikwa namba mbili. Ya pili ni mwendo wake, yaani ingesonga mbele inchi ngapi kwa kila mzunguko kama isingeteleza majini. Mashine ya 15 mara nyingi inakuja na propela ya boti nyepesi, yenye namba kubwa. Ukiifunga kwenye boti nzito ya mbao ni sawa na lori la mbao kupanda Lukumburu kwa gia ya juu: mashine inanguruma chini, inapata moto, haifikii mizunguko yake. Omba yenye namba ndogo, 9 badala ya 11 kwa mfano. Wengi wanaolalamika kwamba 15 haina nguvu wanalalamikia propela.

Usajili na ukaguzi wa chombo ni kazi ya TASAC, shirika lililoanza kazi mwaka 2018, na leseni ya uvuvi ni ya ofisi ya uvuvi ya halmashauri. Ubia wenu uandikwe pia: mashine ya nani, boti ya nani, mafuta yanatoka kwenye fungu gani kabla ya kugawana. Mashine ilale ndani kwa mlinzi au ifungwe kwa mnyororo. Mashine za boti zinaibwa, na walioko Ziwa Viktoria wameumia kwa hilo miaka mingi.

Basi wewe uliyenitumia ujumbe kwamba fedha za miti ziko mkononi na shemeji anakusubiri ziwani Lupingu, fanya hivi kabla ya kununua. Kodi au azima mashine ya 15 kwa usiku mmoja. Panda na wewe, ukiwa umevaa jaketi. Jaza dumu la lita 20 mpaka juu, changanya na oili mililita 400 kama mashine imekwisha zoea kazi. Mpya kabisa ipewe mililita 800 kwa saa zake 10 za kwanza. Iende mpaka inapovuliwa, ifanye kazi, irudi na mzigo. Angalia wimbi la nyuma liko wapi, angalia maji yaliyochotwa ni kata ngapi. Asubuhi pima kilichobaki kwenye dumu, ukae na shemeji mwaloni mpige hesabu ya lita, bei ya lita Lupingu, na ndoo za usipa zilizopatikana. Halafu ndipo mwende dukani.